Mhojiwa Aliyejibu Tatu Kila Mahali

Kabla ya kuturuhusu kwenda kuwasumbua watu kwa maswali yetu, Mama Takwimu alitutaka kwanza tusumbuane wenyewe. Ndivyo anavyofundisha utafiti: dodoso lolote unalotaka kumpelekea mwenye shida zake, lijaribu nyumbani kwanza. Mama Takwimu si jina lake, bila shaka, lakini hata mlinzi wa getini anamwita hivyo na yeye huitika. Sisi ni wanafunzi wa ustawi wa jamii. Wengi wetu tulikuja huku tukikimbia hesabu, na hesabu ikatusubiri mwaka wa pili imekunja mikono.

Dodoso lilikuwa na sentensi kumi na mbili kuhusu hali ya moyo wa mtu kwa majuma mawili yaliyopita. Mhojiwa anasomewa sentensi, naye anajibu kwa namba. Moja maana yake sikubali kabisa, tano nakubali kabisa, na tatu iko katikati, sikubali wala sikatai. Jina haliandikwi, karatasi inapewa namba tu.

Nilipangwa na Redio. Huyu ni msichana anayekaa mbele yangu, anaanza kuongea akifika mlangoni na sidhani kama hata usingizini huwa anazima. Alinisomea kwa madaha, kama mtu wa matangazo.

"'Nimekuwa na furaha.' Haya mwenzangu, ngapi?"

"Tatu."

"'Nimekuwa na huzuni.'"

"Tatu."

"'Nimekuwa nikilala vizuri.'"

Nikaufikiria usingizi wangu. Kulala nilikuwa nalala, tena fofofo, ila naamka nimechoka vilevile. "Tatu."

"Wee, unanitania?"

"Mhoji haruhusiwi kumsukuma mhojiwa," nikamwambia. "Andika."

Akaandika, akaendelea hivyo hadi mwisho huku akinitupia jicho. Sikuwa namtania. Kila sentensi niliisikiliza hadi neno la mwisho, nikaitafuta ndani yangu, nikakuta kimya. Ningekuwa na huzuni ningesema nne, au hata tano. Nilichokuwa nacho hakikuwa na jina.

Mdogo wangu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Tulikuwa tunaishi pamoja, chumba kimoja nyuma ya karakana, mimi nikisoma, yeye akijifunza kazi ya kuezeka. Aliteleza kwenye paa la ghala. Fundi wake alikuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi, analia kama mtoto, na mimi nikamshukuru kwa kuja, nikamsindikiza hadi barabarani. Msibani nilipanga viti, nikapokea wageni, nikaosha vyombo. Siku ya kwanza watu walinisifu kwamba nimejikaza. Siku ya pili Shangazi akaniita pembeni.

"Mama yako kazimia mara mbili. Wewe hata chozi la kusingizia huna?"

"Halitoki, Shangazi."

"Kwa mtu uliyempenda, linatoka lenyewe."

Nikaenda kuosha vyombo. Kwanza, Shangazi hajibiwi. Pili, niliogopa kwamba anasema kweli. Nikarudi chuoni na hofu hiyo, nikasema nilikuwa na udhuru wa kifamilia, na hakuna aliyenichimba. Redio alinipa madaftari yake ninakili yaliyonipita, akanisimulia mambo ya darasa zima bila kupumua, na hiyo ilinifaa kuliko pole.

Wiki iliyofuata majibu yote yalikuwa yameingizwa kwenye kompyuta, na kazi ya siku ikawa kuyasafisha. Mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kompyuta kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Projekta ikatupa kila kitu ukutani, mstari mmoja kwa kila mhojiwa. Mama Takwimu alitembea mbele ya ukuta akiwa na rula yake, namba zikimpita usoni, akiwinda makosa. Mtu mmoja alikuwa ameandikiwa sita. Mwingine alikuwa ameruka maswali mawili. Kisha rula ikasimama.

"Huyu namba kumi na saba. Hebu msomeni."

Darasa likamsoma kwa pamoja. "Tatu, tatu, tatu, tatu..." Walipofika nusu walikuwa wanacheka.

"Wastani wake?"

"Tatu!"

"Na mkengeuko? Yaani majibu yake yanaachana kiasi gani na huo wastani?"

"Sifuri!"

"Sifuri! Mtu mzima, majuma mawili, hana anapopanda wala anaposhuka. Binadamu wa hivyo yupo?"

"Hayupo!"

"Hakusikiliza maswali, alitaka yaishe aende zake akanywe chai. Mtu kama huyu anatuharibia kazi. Futa."

Redio aligeuka kunitazama, mdomo ukiwa wazi tayari. Nikatikisa kichwa. Basi akaufunga, na nikaona jinsi kunyamaza kulivyokuwa kunamuuma kama jino bovu.

Nikaupeleka mshale kwenye mstari wangu. Sikukasirika, wala sikuona aibu. Niliona ni haki tu. Shangazi alishasema, na sasa takwimu nazo zimesema, tena mbele ya darasa zima likiitikia, kwamba pale palipotakiwa kuwa na mtu aliyempenda mdogo wake hapakuwa na mtu. Nikafuta. Mstari ukatoweka, na chini kabisa wastani wa darasa ukasogea kidogo kwenye desimali.

"Na sababu," akasema Mama Takwimu bila kugeuka. Kwa hilo hana mchezo: ukimwondoa mhojiwa, lazima uandike pembeni umemwondoa kwa nini, ili atakayekuja baadaye asidhani ulificha. "Andika, mhojiwa hakuwa makini."

Nikaandika *Mhojiwa*, vidole vikagoma. Nilijaribu tena. Yalikuwa maneno mawili tu yaliyobaki, na mimi naweza kuandika ukurasa mzima nikiwa naongea na mtu. Lakini nilikuwa makini. Katika mwezi ule wote, ambao siujui vizuri hata mimi, hilo moja nilikuwa na hakika nalo: nilisikiliza kila swali na nikajibu kweli. Wanifute watakavyo, ila hilo lilikuwa uongo.

Nikaandika: *Mhojiwa amefiwa na mdogo wake.*

Maneno yakatokea ukutani makubwa. Sikuwa nimewahi kuyaandika mahali popote, hata ujumbe wa simu wa msiba aliutuma Shangazi. Kicheko kikafa, kikianzia mbele hadi nyuma, na Mama Takwimu akavua miwani.

"Nani amekwambia? Hizi karatasi hazina majina."

"Hakuna, Mwalimu. Kumi na saba ni mimi."

Hakuja kunikumbatia, na nilimshukuru moyoni kwa hilo. Alivaa tena miwani yake, akausoma ukuta kana kwamba huenda maneno yamebadilika.

"Pole sana, mwanangu. Na maswali, ulisomewa yote?"

"Alisomewa yote!" Redio akafyatuka. "Mimi ndiye niliyemsomea, Mwalimu, moja baada ya jingine, na akawa anafikiria kabla ya kujibu! Mimi nimemwona!"

"Urudishe mstari."

Nikaurudisha. Tatu zangu zikajipanga ukutani kama zilivyokuwa.

"Basi aliyekosea si mhojiwa," Mama Takwimu akasema, na sauti yake haikuwa ya darasani tena. "Tumekuja kwake na maswali kumi na mawili, na hakuna hata moja lililomgusa alipo. Na mimi nimesimama hapa namcheka. Hebu niambie, kama dodoso lingekuwa lako, ungeuliza nini? Swali moja, ambalo lingekukuta."

Nilitaka kusema sijui. Ndilo jibu nililokuwa nikimpa kila mtu.

"Ningeuliza jioni anapika chakula cha watu wangapi."

Mama Takwimu akachukua chaki, akaliandika ubaoni kama swali la kumi na tatu. Chini yake hakuweka moja wala tano. Redio akageuza kiti chake mpaka tukawa tunatazamana, akachomoa kalamu, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Jioni unapika chakula cha watu wangapi?"

"Wawili."

"Mpaka sasa?"

"Kila siku," nikasema. "Nakumbuka nikishapakua."

Neno la mwisho halikutoka lote. Nililia pale kwenye kompyuta mbele ya darasa zima, kwa kelele, kamasi zinanitoka, na Redio aliiweka kalamu chini bila kuandika kitu.