Mgeni Bila Mwenyeji

Mtu anayeuza simu miaka nane mfululizo, kisha akasahau kumwekea mama yake mzazi laini inayofanya kazi Ulaya, mtu huyo umwiteje? Gustave alijiita mpumbavu, kwa sauti, mbele ya wateja wa duka lake Durban, na hakuna aliyembishia.

Ilikuwa Mei 2014. Mama yake, Ninahazwe, mwenye miaka sitini na tisa, alikuwa ameondoka Durban jana yake kwenda kusini mwa Hispania. Baudouin, kaka yake Gustave anayeishi Ubelgiji, alikuwa amekodi nyumba ya mapumziko huko milimani kwa wiki mbili, aonane na mama baada ya miaka kumi na miwili. Mama hakutaka kwenda. Gustave ndiye aliyembembeleza mwezi mzima, akimwonyesha picha: ukuta mweupe, mizeituni, kilima kimya.

"Na batu ya hapo biko wapi?" mama aliuliza, akitafuta watu kwenye picha.

Gustave akacheka tu. Kicheko hicho sasa alikijutia.

Baudouin ndiye alipaswa kufika kwanza. Lakini kule Ubelgiji wafanyakazi wa uwanja wa ndege waligoma, akakwama. Basi dereva aliyekwisha kulipwa akamchukua mama peke yake, akamshusha mlangoni saa nne asubuhi na kwenda zake. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku kidogo ukutani: unabonyeza namba nne, kinafunguka. Gustave alikuwa amemfundisha mama kwa kufuli la dukani mpaka akaweza akiwa amefumba macho.

Sasa ni saa nane mchana. Simu ya mama haipatikani. Simu ya mezani ya nyumba ile inaita mpaka inakata.

Gustave akampigia mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Encarna, aliyekaa mjini, mwendo wa saa mbili kutoka huko milimani. Kwa bahati Encarna alifanya kazi Ufaransa ujanani, wakaelewana kwa Kifaransa. Akamtuma mtunza bustani wake, anayeishi karibu na huko, apande akaangalie. Jibu lilirudi baada ya nusu saa: kisanduku hakijaguswa, mlango umefungwa, hakuna mtu, hakuna hata begi.

Gustave alikaa kwenye kreti la soda, akaona wazi jinsi atakavyomwambia Baudouin kwamba mama yao amepotea, na kwamba ni yeye aliyemsukuma aende.

"Grand, labda dereva alimushusha pa ingine," alisema Papy, kinyozi wa jirani aliyemheshimu kama kaka mkubwa, aliyeacha kichwa cha mteja nusu na kuja kusimama naye.

Dereva, alipopigiwa, alikataa katakata. Akatuma na picha aliyopiga ili kuonyesha kazi imekwisha. Mama alikuwa amesimama mbele ya mlango ule ule, kitenge cha Pasaka kimefungwa vizuri, mfuko kifuani. Kisanduku kilikuwa sentimita chache kutoka bega lake. Hakuwa anakitazama. Alikuwa ametazama barabarani, kama mtu anayengoja kupokewa.

Gustave akasimama wima.

Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, mgeni akikuta mwenye nyumba hayupo, hagusi mlango, hata kama umeachwa wazi. Anakwenda kwa jirani wa karibu, anapewa kiti, anangoja mwenyeji aje kumchukua na kumbebea mzigo. Na yeye mwanawe, kwa uhodari wake wote wa kufuli na namba, hakukumbuka jambo hilo hata kidogo.

Akampigia tena Encarna. "Jirani wa karibu ni nani? Mwenye kupika, mwenye kuku, yeyote?"

"Yuko bibi Dolores, huko chini. Ngoja nimpigie, nimpe namba yako."

Dakika kumi baadaye simu iliita, na sauti aliyoijua kuliko zote ikamshukia.

"Gustave! Muko na akili kweli? Munanituma kwa nyumba ya mutu, mwenyewe haiko, niingie kama mwizi?"

"Mama, nilikuogopea!"

"Unaogopa nini? Niko bien. Tulisali rozari na huyu mama, yeye na luga yake, miye na yangu. Sasa tuko tunamenya maharagi. Lakini mule nyumba siingie mpaka mwenyewe afike."

Gustave alimweleza Encarna, kwa aibu, kama mtu anayeomba radhi. Miaka tisa Encarna alikuwa akiwapangisha wageni, wakija na kuondoka kwa namba nne, na hakuwahi kuuona uso wa hata mmoja.

"Mwambie asubiri masaa mawili tu," alisema Encarna. "Nawasha gari. Nakuja kumkaribisha."

Gustave akaweka simu chini, akalia kwa raha, wala hakujifuta.