Orodha ya Khitma

Mtu wa kwanza aliuawa akiwa na sufuria ya wali mkononi. Nassra aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akamtazama babu yake, Bwana Ubwa, aliyekaa kwenye kitanda cha kamba ukumbini mwao Kikwajuni.

"Endelea," alisema mzee. "Nnakusikiliza."

Ndivyo walivyozoea tangu Nassra aanze utafiti wake wa chuo kikuu. Kila baada ya sala ya Alasiri humsomea babu aliyoyatafsiri siku hiyo. Kwa miezi minane alikuwa akichimbua habari za Wachina waliohamia Amerika, na sheria ya mwaka 1882 iliyowafungia mlango vibarua wao. Sheria haikumtaabisha. Kilichomkosesha usingizi ni watu wa mji mmoja waliochimba makaa ya mawe pamoja na Wachina hao, wakisalimiana nao kila asubuhi, kisha siku moja wakawazunguka kwa bunduki na mafuta ya taa. Waliwapiga risasi za mgongoni. Waliwachoma vibandani mwao, huku wakicheka. Jirani hugeukaje hivyo? Hakuna karatasi iliyomjibu.

Alisoma mpaka mwisho: vibanda viliteketea, Wachina wakakimbilia vilimani.

"Hakuna aliyerudi ndani?" aliuliza babu.

Nassra aliinua kichwa. Katika maandishi ya asili, wawili walirudi motoni. Yeye alikuwa ameiruka sentensi hiyo katika tafsiri kwa kuiona haina akili.

"Umejuaje, Babu?"

"Hurudi," alisema mzee. "Kheir alikuwa keshatoka. Nshamkosa kwa panga mara moja, njia i wazi mbele yake. Akarudi dukani, na duka linawaka."

Kheir bin Masoud. Nassra alilijua jina hilo tangu utotoni. Kila mwezi wa Shaaban, familia inapowasomea khitma marehemu wake, jina hilo limo katika orodha, na anayeuliza huambiwa kuwa ni rafiki yake babu.

"Mwaka wa sitini na nne, siku za Mapinduzi," aliendelea mzee. "Nna miaka ishirini. Yule Mwarabu wa Kimanga alikuwa akinywa kahawa na baba yangu kila siku. Tukaambiwa si wenzetu. Nliambiwa, nami nkaambilika. Alipotoka mara ya pili nkamkata hapa." Aligusa shingo yake mwenyewe, polepole, kama atafutaye kifungo cha kanzu. "Panga likanasa mfupani. Nkamkanyaga kifua, nkalivuta. Ndipo nlipokiona alichokifuata. Kakipakata."

"Nini?"

"Mtoto."

"Ukamwacha hai?"

"Sikumwacha."

Nassra alitamani kuziba masikio. Mikono ile ndiyo iliyomfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya skuli. Alitaka babu yake abaki yule yule wa asubuhi, na hakuona njia ya kumrudisha.

"Khitma kesho," alisema mzee. "Miaka yote nkiiandika orodha mwenyewe. Sasa macho hayaoni. Niandikie."

Nassra aliinuka. Alifika mlangoni, akashika komeo, akasimama pale mpaka kiganja kikamuuma. Kisha akarudi, akachukua kalamu. Aliwaandika wazazi wa babu, akamwandika bibi yake, Bi Tabia. Akamwandika Kheir bin Masoud.

"Na mtoto?"

"Jina lake sikulijua. Sijapata kumwandika hata mara moja."

Katika daftari la maiti la mji ule wa makaa ya mawe, mistari mingi ilikuwa na maneno yale yale. Nassra aliyanakili mara kadhaa bila kuyafikiria sana. Sasa aliyaandika tena: Mtoto wa Kheir, jina halikujulikana.

"Nisomee," alisema mzee.

Alimsomea. Alipofika mstari wa mwisho, babu alijifunika uso kwa mikono yake miwili, na Nassra hakuweza kuacha kuitazama mikono hiyo.

"Siku yangu ikifika," aliuliza kutoka nyuma ya vidole, "utaniandika humo?"

Chini ya mtoto palibaki nafasi ya mstari mmoja. Nassra aliikunja karatasi, akaiweka juu ya msahafu, akaenda kumtilia babu yake maji ya kutawadhia.