Jua la Urefu wa Mkono

Muli alisimama ukingoni akainua kioo, akamlenga Nzuki, dereva wa lori lililokuwa likipakiwa mchanga chini mtoni. Wachimbaji wake walikuwa wamefika hadi kwenye kisima cha Muli. Kisima chenyewe ni shimo tu lililochimbwa mchangani, lakini pale kijijini Kola ndiyo maji yaliyobaki. Mchanga ukienda, na maji yameenda.

Kioo hicho, lenzi ya kukusanya mwanga, alikitoa kwenye televisheni kubwa mbovu, kipana kama sinia. Yeye ni mchongaji, na hukitumia kuchomea twiga wake wa mti madoa. Mti hutoa moshi papo hapo. Kwa hiyo aliamini kitampofua Nzuki hata kwa mbali.

Mwanga ulimfikia Nzuki umefifia. Hakupepesa jicho.

"Unanipiga picha, Muli? Ngoja kwanza nichane nywele."

Vijana wenye mabeleshi wakacheka. Kalondu, mke wa Muli, alikuwa amewazibia njia ya kisima. Nzuki akampiga ngumi ya mdomo, Kalondu akaanguka, jino likamtoka.

Muli akateremka mbio. Sasa alielewa. Kioo hakiongezi jua hata chembe. Hukusanya lile linalokiangukia na kulibana mahali pamoja, umbali wa urefu wa mkono tu. Likipita hapo linatawanyika.

Akapiga goti kando ya gurudumu la mbele, lililolika hadi nyuzi zikatokeza. Nukta nyeupe ya jua ikatua, mpira ukaanza kunuka.

"Mtoeni huyo," Nzuki akasema.

Beleshi la kwanza lilimpata mgongoni. Hakusogea. Nukta ikihama, mpira unapoa na kazi inaanza upya. La pili lilimvunja ubavu. Akatema damu bila kugeuza kichwa.

"Piga. Hata mama yako alikupikia kwa maji haya."

Kijana akasita. Nzuki akamnyang'anya beleshi na kumpasua Muli bega.

Gurudumu likalipuka. Vipande vya kioo vikamwingia Muli shavuni. Lori likainama upande wao, ubao wa kando uliofungwa kwa waya ukafyatuka, na mchanga ukamzika Nzuki hadi kidevuni. Vijana wakatoroka.

Muli akaokota beleshi kwa mkono uliobaki mzima, akaliinua juu ya kichwa cha Nzuki.

"Mchimbue," Kalondu akasema, damu ikimtoka mdomoni. "Akiozea hapa, tutakunywa nini?"

Muli akamchimbua, bila kuangalia beleshi linakata wapi.