Dai ya Nusu Inchi

Kibiti nzima ilimjua Dadi kwa mambo mawili: mkono wake wa kukata nyuzi za bolti, na neno lake. Mkono ulikuwa mwepesi. Neno lilikuwa zito kama nanga, likishatupwa halivutwi. Watu wakamsifu kwa yote mawili, na hapo ndipo walipomharibu, maana mwanamume akisifiwa kwa ukaidi wake huuvaa kama kanzu ya Idi.

Basi mtu huyu alimwacha mkewe kwa sababu ya kipande cha chuma.

Tusimwonee lakini, hakikuwa chuma cha kuokota. Ilikuwa dai, kile kiduara kigumu chenye meno kwa ndani, ambacho fundi hukitia kwenye mpini wa mikono miwili akakizungusha juu ya fimbo ya chuma mpaka fimbo ivae nyuzi na kukubali nati. Dai zimejaa madukani, ila hizo ni za milimita. Hii ilikuwa ya nusu inchi, ya kizamani, aliyoachiwa na baba yake, marehemu Abdala, aliyetengeneza mashine za kukoboa mpunga kule Mohoro maisha yake yote. Mzee yule hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha dai ile ndani ya kitambaa chenye mafuta, na kila Dadi alipokifungua alisikia harufu ya mikono ya baba yake.

Siku moja alirudi kutoka kumzika jamaa yake Mohoro, akaikuta imekatika meno mawili. Akauliza ni nani. Salama, mkewe, alikuwa akichambua mchele. "Mimi," akasema. "Niliijaribu." Hakuongeza neno. Dadi naye hakuuliza la pili. Alitamka talaka moja papo hapo, kwa sauti ambayo Mwamini, muuza chapati wa jirani, aliisikia akiwa mbele ya kikaango chake. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Salama akafunga nguo zake, akarudi kwao Kiongoroni, huko delta, kukaa eda.

Sasa, talaka moja si mwisho wa ndoa. Mtu yeyote wa pwani analijua hilo. Mke akiwa bado edani, mume hutamka tu kwamba amemrejea, mambo yakarudi yalivyokuwa. Eda ikishatoka, mke ni huru, na mume anayemtaka sharti aanze kubisha hodi upya. Dadi alilijua hilo vizuri mno. Tena alimpenda Salama, asikudanganye mtu. Alikuwa akijisongea ugali wenye mabonge, akila huku macho yako mlangoni. Lakini kurudi nyuma hakukuwa desturi yake. Alitaka waje wao. Aje mkwe, aje shangazi, aje yeyote amwombe, naye ajifanye kusitasita kidogo, kisha akubali heshima yake ikiwa nzima. Wiki zikapita na hakuja mtu.

"Unangoja nini?" Mwamini alimwuliza siku moja, akimpa chapati bila kumtazama. "Eda haimngojei fundi."

"Nani kakwambia nangoja?"

"Uso wako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba."

Dadi akaikunja chapati yake, akarudi karakanani.

Ndipo asubuhi moja akatokea Mzee Gharibu, baba yake Salama, suruali ina matope mpaka magotini, mkononi kashika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Wamekuja, Dadi akajisemea. Alipangusa benchi, akaagiza chai, akaamkia kwa unyenyekevu ambao Mwamini aliuona na kuutabasamia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Njema. Za Kiongoroni?"

"Tunamshukuru Mungu." Mzee akafungua kitambaa chake. Ndani mlikuwa na bolti iliyolika nyuzi. "Mashine ya boti imelegea. Boti imekaa matopeni, na watu wa kule wanaitegemea kwenda hospitali na sokoni. Kila fundi ananambia nyuzi hizi za kizamani, nenda kwa Dadi."

Kumbe alifuata bolti. Habari za Salama hata hakuzigusa. Dadi alijiona kama mtu aliyevaa kwa ajili ya harusi asiyoalikwa, na ilimuuma. Mimi ningemwambia mzee arudi na bolti yake. Yeye alikwenda kuileta dai.

"Ina meno mabovu," alisema kwa uchungu. "Taratibu itakata."

Akabana fimbo ya chuma kwenye jiliwa, akaichonga ncha kwa tupa ili dai ipate pa kuanzia, akatia oili. Akaiweka dai sawasawa, isiinamie upande, akaanza. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mbele, nyuma. Vinyuzi vya chuma vikawa vinakatika na kuanguka sakafuni.

"Hebu nami nijaribu," mzee akasema.

Mkwe hakataliwi. Gharibu akaushika mpini kwa mikono iliyoshika shoka tangu ujana, akausukuma mbele, mbele, mbele.

"Rudi, baba."

"Nirudi wapi, mbona inakwenda?"

"Rudi kidogo. Ukienda mbele tu, taka za chuma zinasongamana mle ndani na kuvunja meno. Ukirudi zinakatika, zinatoka, halafu unaendelea."

Mzee akacheka kidogo. "Sisi wakata mikoko hatujui kurudi. Ukichelewa na mzigo, maji yanatoka kijitoni, chombo kinakaa juu ya tope, mnalala na mbu. Tumezoea kuwahi." Hata hivyo akaurudisha mpini. Kitu kikalia mle ndani, kipande cha chuma kikamwangukia mguuni. Akakitazama. "Ndivyo alivyonambia Salama siku ile. Baba, rudi kidogo, Dadi hurudi. Nikambishia. Nikasukuma tu, meno yakakatika, na bolti yenyewe ikatoka mbovu hii unayoiona."

Dadi akaacha kupangusa mikono. "Siku gani?"

"Ulipokuwa mazikoni. Si alikwambia?"

"Aliniambia ni yeye."

Gharibu akaketi kwenye benchi polepole. "Mimi nilidhani umemwacha kwa kuniazima dai," alisema. Chai yake ikapoa pale pale.

Aibu aliyoipata Dadi sijui niieleze vipi. Mwanamke yule alikubali kuachwa kuliko kumweka baba yake mbele ya hasira za mkwewe. Na yeye, hodari wa kurudisha mpini kila alipokata chuma, hakurudi hata kwa swali moja. Alimaliza bolti mwenyewe, akaijaribu kwa nati, nati ikateremka kwa kidole tu. Kisha akaifunga dai kitambaani, akaitia mfukoni, akafunga karakana mchana kweupe.

"Fundi, wapi tena?" Mwamini akauliza.

"Kiongoroni."

Mwamini akaficha kicheko ndani ya upindo wa kanga.

Walishuka bandarini Nyamisati kwa bodaboda, wakapanda boti ya jirani yake Gharibu. Njia nzima Dadi alikuwa akilipanga neno lake kichwani. Mwisho akauliza, "Eda yake bado, baba?"

"Hayo ya wanawake hawaniambii," mzee akajibu.

Walimkuta Salama nyuma ya nyumba akianika uduvi kwenye jamvi. Alipomwona, akavuta kanga kichwani. Dadi akasimama mbele ya baba mtu, akasema kwa sauti, "Salama, nimekurejea."

Salama akaendelea kutandaza uduvi. "Umechelewa, Bwana Dadi. Eda imetoka juzi."

Maisha yake yote Dadi alikuwa akitupa neno likakaa lilipoangukia. Hili lilianguka na hakuna aliyeliokota. Angeweza kugeuka; boti ilikuwa bado pale. Miguu ilitaka hasa. Lakini akakaa chini, mchangani, kando ya jamvi, akamwinulia Salama uso.

"Basi nimekuja kuposa," akasema.

"Baba huyo hapo, mwulize."

"Nakuuliza wewe kwanza. Ulibeba kosa la mtu mwingine, na mimi sikukuuliza mara ya pili. Nisamehe."

Mikono ya Salama ikatulia. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama miguu yake mwenyewe.

"Mahari yangu ni dai ile," Salama akasema.

"Ya baba yangu?"

"Hiyohiyo, na ubovu wake. Iwe yangu. Nikitaka kumwazima mtu nimwazime, na ikikatika meno nisiulizwe kwa ukali."

Dadi akatoa kitambaa mfukoni. Harufu ya mafuta ikampanda puani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake macho yakamlowa. Mkono ulikwenda mbele, ukarudi kidogo, kisha ukaenda mpaka kwenye kiganja cha Salama.

Salama akaifungua, akaipangusa meno kwa kidole, akaifunga tena na kuipiga fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Haya, nendeni mkafunge bolti, maji yanajaa," akasema. "Shehe yuko ng'ambo. Atafuatwa na boti hiyohiyo."