Kimanga cha Saa Kumi na Moja

...hata maji, mama, tangu jana usiku hujaweka kitu mdomoni, anauliza Sista Immaculate, kalamu yake imesimama kati ya ndiyo na hapana, haniangalii, anaangalia fomu, na jibu ni jepesi, sijakula, basi, nitie saini, nilale ubavu, wanidunge dawa ya usingizi na kamera iteremke kooni ikaone hicho kinachonichoma tumboni miezi mitano sasa, lakini nilionja, leo asubuhi, saa kumi na moja, kibandani kwangu karibu na geti la shamba la mkonge, nilikuwa naponda kimanga cha wafanyakazi kama kila siku, mihogo na maharagwe, nikaweka kidogo kiganjani nikalamba nijue chumvi, mpishi gani halambi, mkono ulienda wenyewe, mama yangu alionja hivyo hivyo kule mlimani, hakuamini kijiko... na umekuja na nani wa kukurudisha nyumbani, hilo ndilo aliloanza nalo, ukipewa hiyo dawa hatuwezi kukuachilia peke yako, nikasema yuko nje, lilitoka kabla sijafikiria, yuko nje, nje kuna bawabu na mwanamke anayeuza ndizi, binti yangu Shanice yuko chuoni Eldoret na nimemwambia leo naenda mjini kununua sufuria, Nanzala anayenisaidia jikoni nimemwambia benki, baba Shanice sijui aliko na sitaki kujua, kila mtu nimempa safari yake na mimi niko kwenye hii... mama alitafuna vidonge vya asidi mwaka mzima, vya dukani kwa Alexander, kimoja baada ya kula, kisha viwili, kisha pakiti, tukasema ni vidonda, nani hana vidonda vya tumbo, na tulipomfikisha Mombasa walimfungua wakamshona saa hiyo hiyo, hakuna kilichobaki cha kukata, na bado shamba letu la Mboghoni likaenda, lile lenye mfereji, likalipia kitanda na dripu na gari la kumrudisha akiwa amefunikwa, na wiki jana daktari wa hapa, kijana mdogo, alinieleza polepole kama mwalimu wa darasa la nne, gonjwa likionekana likiwa dogo linakatwa, mwezi mmoja na nusu hivi unarudi kwa sufuria zako, likingoja ni dripu kila baada ya wiki tatu, ni Mombasa au Nairobi, ni kuuza, kisha akanitajia bei ya kamera na mimi nikauza mtamba wangu niliyemweka kule Marungu, yule mwekundu, mnunuzi akamshika masikio, akamtazama meno, akahesabu pesa, hakuniuliza kwa nini namuuza kabla hajazaa hata mara moja, nilikuwa na jibu la uongo tayari na hakuliuliza, nikarudi nalo... mama, anasema sista, nakusikiliza, nasema, na ninamsikia Ochola, mzee wa kukata mkonge, mwezi juzi akisukuma sahani mbele ya wenzake, Mama Shanice, chumvi yote hii, umempenda nani, wakacheka, nikacheka, nikasema si wewe, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeacha kuonja, chakula kilikuwa kinanipanda kooni kwa harufu tu, tangu siku hiyo anayetia chumvi ni Nanzala, Nanzala ndiye anayeonja, miezi miwili... miezi miwili sijalamba kiganja, halafu leo ndio mkono uende wenyewe, leo, na Nanzala alikuwa ameshatia chumvi, nilimwona, na haikuwa kiganja, Wakio, mbona unajidanganya hata humu kichwani ambamo hakuna mtu, ilikuwa bakuli, nilivuta kigoda nikakaa nyuma ya kuni asinione nikala bakuli zima, sina hamu, kila tonge nalisukuma kama dawa, ili sista akiniuliza niseme ndiyo, nimekula, anirudishe nyumbani, niseme nilijaribu, na nilipofika hapa nikaona aibu nikataka kusema hapana, sijakula, yote mawili ni woga, na mama naye labda alikuwa anajua, kile kidonge cha pili, ile pakiti aliyokuwa anaificha kwenye mkoba wa kanisani, tulidhani hajui, na sisi watoto wake wanne tumemzunguka hakuna aliyemuuliza, labda alikuwa na jibu tayari na hatukuuliza... mtamba ameshakwenda, huyo hatarudi, saa kumi na moja hadi alasiri ni saa ngapi, kumi, tumbo litakuwa tupu, hilo benchi la kungojea naweza kulikalia, nimekalia mabaya kuliko hilo, na Nanzala akishauza kimanga saa saba anaweza kufunga kibanda, nikimpigia simu atakuja na aproni yake na mdomo wake, atapiga kelele mpaka getini, benki gani hii yenye vitanda, atasema, kwani mimi ni nani kwako, nami nitamsogezea nafasi benchini... mama, nimekuuliza, umekula au hujakula, kalamu bado iko pale pale, hajaandika kitu, sasa ameinua kichwa, ana macho ya mtu ambaye hajalala, nimekula, sista, nasema, bakuli zima, saa kumi na moja asubuhi, niweke wa mwisho nitangoja, na nje hakuna mtu, bado.