Kucha za Odera

Kucha ya kwanza kufa ilikuwa ya kidole cha pili, mguu wa kulia. Kombe aliiona akioga baada ya mbio, nyeusi tii, kama mbegu ya tikiti iliyolala chini ya ngozi. Hakushtuka. Ukikimbia mbio ndefu kucha hufa, ndivyo ilivyo. Alishtuka ilipokuja ya dole gumba la kushoto. Halafu ikaja ya kidole kidogo cha kulia, na hapo akakaa juu ya ndoo, povu kichwani, akasema peke yake, "La. Hizi si zangu. Hizi ni za Odera."

Maana Odera, mwenzake wa mbio, alikuwa nazo hivyo hivyo. Vidole vivyo hivyo, zilianza kwa kufuatana hivyo hivyo, na aliyekuwa akimcheka ni huyu huyu Kombe, akiziita kucha za mamba. Sasa Odera amelala kaburini kwao Siaya. Lori lilimpitia Changamwe jioni moja na hakuna aliyejua lori gani. Na viatu vyake vya mbio viko miguuni mwa Kombe.

Mama yake Odera ndiye aliyempa, baada ya mazishi. Alikuja navyo mkononi akasema, "Vaa, Kombe. Kimbia navyo." Tangu siku hiyo, kila alfajiri Kombe akipita chini ya fleti yao pale Tudor, yule mama yuko barazani juu na kikombe chake cha chai. Hamtazami usoni. Hampungii mkono. Anaitazama miguu mpaka ikate kona.

Sasa mwanamke kama huyo utamwambiaje viatu vyauma? Amezika mtoto wake wa pekee, halafu umrudishie viatu mlangoni kama samaki aliyechina akanuka? Si ni kumwambia akazike tena?

Basi Kombe akawa anakimbia. Akaziba vidole kwa plasta, akapaka mafuta ya mgando, akavaa soksi mbili, ikawa mbaya zaidi. Na kulikuwa na jambo jingine, hili hakumwambia mtu. Ndani ya viatu vile kulikuwa na mashimo madogo ambayo vidole vya Odera vilijichimbia kitambo. Kila akivaa, vidole vyake vyaingia mle kimoja kimoja, vyakaa, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda. Akifika Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambako kuta zimekaribiana, asikia hatua nyuma yake. Ajua ni mwangwi. Kuta zile hurudisha kila kitu, hata kikohozi. Lakini mwangwi gani unaochechemea mguu wa kushoto, na yeye siku hiyo aumwa wa kulia?

Jumamosi moja walikuwa wateremka Feri, yeye na Abdulbasit, kijana wa Kibokoni aliyezoea kukimbia na Kombe na Odera tangu shule. Mteremko ule ndio muuaji. Mwili wote waja mbele, vidole vyapiga ukuta wa kiatu. Kombe akasimama katikati ya watu wanaokimbilia kivuko, akashika nguzo.

"Vua tuone," Abdulbasit akasema.

"Si kitu."

"Si kitu, na wakimbia kama bata aliyepigwa jiwe? Vua, bwana!"

Kombe akavua. Abdulbasit akaruka nyuma, akaziba pua kwa kola ya fulana. "Astaghfirullah! Hili dole lishaoza, yakhe. Hata paka wa sokoni hali."

Dole gumba lilikuwa limefura, lang'aa, na kucha yaning'inia upande mmoja, chini yake usaha. Abdulbasit akakiokota kiatu, akakipima na wayo wa mwenziwe, akatikisa kichwa.

"Kiatu cha mbio chataka nafasi mbele, angalau upana wa dole gumba. Mguu ukipata moto hufura. Hiki hata karatasi haipiti. Kamwambie mamake ni vidogo."

"Abdu, mimi na Odera mguu mmoja. Tulikuwa tukibadilishana ndara. Nikimwambia vyanibana, nimemwambia vilimbana na mwanawe."

Abdulbasit akamrudishia kiatu. "Basi ngoja ukatwe mguu," akasema, "umpelekee vyote pamoja."

Alasiri hiyo Kombe akapanda ngazi za ile fleti kwa ndara, viatu mkononi. Ngazini alishapanga maneno: nimepata vingine, mama, hivi vibaki kumbukumbu. Uongo mzuri, haumuumizi mtu.

Mlango ukafunguka akiwa bado anamalizia ngazi. "Karibu, Kombe. Mbona unachechemea?" Kisha macho ya Mama Odera yakashuka, kama yalivyozoea. Mkono ukatafuta ukuta.

"Nani amekufanyia hivyo?"

"Hakuna mtu, mama."

"Usinifiche! Nani amekung'oa kucha?"

Akamvuta ndani, viatu vikaangukia mkekani; akafunga mlango kwa komeo, akasimama mbele yake. Sauti ikashuka mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Kule mochari waliniambia nisitazame uso. Nikafunua miguuni. Kucha zingine hazikuwako. Zingine nyeusi. Nikajua hapo hapo, si lori. Mwanangu alishikwa na watu, akang'olewa kucha, ndipo akatupwa barabarani. Nikamwambia nani? Nani angenisikia? Nikajiuliza tu, alikuwa akitembea na nani. Alikuwa akitembea na wewe."

Kombe akarudi nyuma hatua moja. "Ndiyo maana ukanipa viatu?"

"Nyanya yangu alikuwa akisema kitu cha marehemu hakimkubali aliyemdhuru. Nikasema, nitamtazama. Kila asubuhi nilingoja uanguke. Unisamehe. Nilikuwa naomba uanguke."

Miguu ile ile. Chai ile ile. Kombe siku zote alidhani kwa kupita pale alikuwa akimliwaza mama wa watu.

"Mama, hakuna aliyemgusa. Ni mbio. Sisi tunaokimbia mbali, kucha zetu hufa, zinadondoka zenyewe. Odera alidondosha nyingi, mimi nilikuwako."

Mama Odera akakaa kitini kama mtu aliyekatwa kamba. "Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Alipumua pumzi ndefu, na Kombe akaona hapo pangetosha. Ainuke, aage, ateremke ngazi.

"Lakini zako zilikuwa nzima siku ya mazishi," yule mama akasema. "Nilizitazama. Hukuwa ukikimbia wakati huo?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Sasa?"

Kombe akavitazama viatu pale mkekani. Ule uongo wa ngazini ulikuwa umemtoka kabisa. "Ni vidogo, mama."

"Vidogo vipi? Nilimpima mwenyewe! Alikuwa amelala, nikampima kwa uzi, kisigino mpaka ncha ya dole. Nikaenda na uzi wangu Kongowea, nikauingiza kiatu kwa kiatu mpaka nikapata. Vilimkaa sawasawa."

"Ndiyo, mama. Sawasawa. Cha mbio hakitakiwi sawasawa. Chatakiwa kizidi."

Chini tuk-tuk ikapita ikipiga honi. Mama Odera akaokota kiatu, akatia mkono ndani. Kombe akauona mkono ukifika mbele, ukisimama, vidole vikiingia kwenye yale mashimo kimoja kimoja.

"Hakuniambia."

"Wewe asingekwambia. Alisema ulikuwa na furaha sana ulipomletea."

"Kwenu alikuwa analalamika?"

"Kila siku."

"Alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa akiteremka Feri apiga kelele, 'Jamani, mama yangu ananimaliza kwa mapenzi!'"

Yule mama akacheka. Kicheko kikatoka kizima, halafu kikapasuka katikati. "Sema tena."

Kombe akasema tena.

"Si hivyo. Sema kama alivyokuwa akisema."

Hapo Kombe akafumba macho, akaivuta ile sauti, ule mkoromo wa Odera anapoishiwa pumzi, na ikaja upesi kuliko alivyotaka. Ikatoka imekamilika. Alipofumbua macho Mama Odera alikuwa sakafuni amepiga magoti, ameukumbatia mguu mbovu wa Kombe, azungumza nao kwa upole.

"Si ungeniambia, baba. Ningevirudisha. Si ungeniambia tu?"

Kombe alitaka kusema, mama, ni mimi. Lakini aliogopa itakayotoka ni ile sauti ya Odera. Akauvuta mguu taratibu. Haukuachiliwa.