Saini ya Mke

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja bila tone la pombe, fundi alipitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, mkono umetulia, na hakuwa na wa kumwonyesha. Kiwandani walishamwambia: kadi ya walioacha pombe, yenye muhuri wa zahanati, ifike kabla ya saa sita, la sivyo cherehani yake atapewa mwingine. Akajitanda mtandio, akatoka.

Mwanamume aliyemtangulia kwenye dirisha la zahanati, mwenye kadi kama yake, aliambiwa pole kwa ugonjwa, akagongewa muhuri. Zamu ya fundi ilipofika, karani alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akamuuliza wanawe wanalelewa na nani.

"Nawalea mwenyewe."

"Mama mzima, hukuona haya?"

Aliona, tena sana. Ndiyo maana alikuwa akinywa jikoni, mlango umefungwa, kwenye kikombe cha chai. Wanaume wakilewa hadharani hupata wa kuwarudisha nyumbani. Yeye siku aliyoanguka alilala sakafuni mpaka mwanawe alipotoka shule.

Karani akaigeuza kadi. Chini kabisa pamechapwa: Saini ya mke. Aliyezichapisha hakuwahi kufikiri kwamba mlevi naye anaweza kuwa mke wa mtu. Fundi akachukua kalamu, akatia saini yake.

"Unafanya nini?"

"Mke ni mimi. Mume wangu ni marehemu."

"Mgonjwa hajidhamini. Lete mwanamume wa kwenu."

Saa nne na nusu. Wa karibu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, na saa hizo alijulikana alipo. Fundi alisimama nje ya kilabu, harufu ikamjia, mate yakamjaa mdomoni. Aliogopa kuvuka kizingiti kile, akamwita kutokea barabarani aje amtilie saini.

"Shemeji, kwako sina neno," alisema yule, akaja akiyumba.

Dirishani karani alikivuta kiti chake nyuma kidogo kuikwepa harufu ya pombe, akampa kalamu. Mkono wa shemeji ulitetemeka hata fundi akamshikia kadi isisogee. Saini ikatoka nje ya mstari. Muhuri ukagongwa.

"Sasa kaka, umwangalie huyu asirudie."

"Nitamwangalia," shemeji akaitikia, akaikosa ngazi ya kwanza.

Fundi akamdaka kwapani, akamteremsha ngazi moja moja, kadi ameibana kwa meno.